Mizani Kwanza, Rangi Baadaye: Maoni Kuhusu Helikopta za Mfano Mashuleni

Mwalimu ye yote aliyepata kuhudhuria maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari huenda amekwisha kuiona helikopta ya mfano. Huwa imewekwa mezani, imepakwa rangi, ina madirisha ya plastiki na jina la shule ubavuni. Pengine pangaboi lake huzungushwa na betri mbili za tochi. Wageni huisifu, picha hupigwa, na chombo hurudi shuleni na zawadi. Ni mara chache sana mtu huuliza: je, kina uzito gani? Nia ya makala haya ni kutoa hoja kwamba swali hilo ndilo lipaswalo kuulizwa kwanza, na kwamba tusipoliuliza twawafundisha vijana wetu uigizaji badala ya sayansi.

Sisemi haya kwa kuwacheka wengine, kwani kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Nilipokuwa nikifundisha fizikia huko Nyangamara, mkoani Lindi, klabu yetu ya sayansi ilichanga fedha ikanunua mtambo wa helikopta ndogo ya kuongozwa kwa redio, uliokwisha kutumika. Ulikuwa mtambo mtupu: fremu, mota, betri, kipokezi cha mawimbi, bomba la mkia, na pangaboi lenye kipenyo cha sentimita 68. Vyote pamoja vilikuwa na uzito wa gramu 750, navyo viliruka bila taabu. Lakini mtambo mtupu hauna sura. Wanafunzi walitaka kitu kinachofanana na helikopta wanazoziona zikipita angani, nami nikawaruhusu waunde kiwiliwili chake, yaani bodi kama mafundi wasemavyo, kwa plaiwudi na bati la madebe. Kazi hiyo ilichukua muhula mzima. Mlango uliweza kufunguliwa, viti vilikuwamo ndani, na rangi ilipakwa mara tatu. Siku ya kuijaribu iliinuka kiasi cha upana wa kiganja, ikayumba, ikaketi. Betri ilikuwa ya moto, haishikiki. Majuma mawili baadaye tuliipeleka kwenye maonyesho bila kuirusha, nayo ikapata zawadi ya kwanza.

Katika klabu ile alikuwamo msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliyekuwa akiuliza tangu mwanzo kama bati halitakuwa zito mno. Hakuna aliyemsikiliza, nami nilikuwa miongoni mwa wasiomsikiliza. Zawadi ilipokwisha kutolewa aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kumbe si lazima iruke." Baada ya hapo hakuja tena klabuni kwa muda mrefu. Maneno yake yaliniumiza kwa sababu yalikuwa ya kweli. Mwanafunzi aliyeuliza swali la kisayansi alikuwa amefunzwa na mwalimu wake wa sayansi kwamba swali hilo halina thamani.

Ndipo tulipofanya jambo ambalo tungelifanya kabla ya kugusa msumeno: tuliiweka bodi kwenye mizani. Ilikuwa na gramu 620. Mtambo na bodi pamoja vilifikia gramu 1,370, karibu mara mbili ya uzito wa awali. Mtu asiyejua mambo haya atadhani kwamba uzito ukiwa karibu mara mbili, nguvu inayotakiwa pia itakuwa karibu mara mbili. Sivyo. Kwa helikopta iliyotulia hewani, pangaboi likibaki lile lile, nguvu ya chini kabisa inayotakiwa huongezeka kwa kadiri ya uzito uliopandishwa kwenye kipeo cha moja na nusu. Mwanafunzi na akokotoe mwenyewe: 1,370 gawanya kwa 750 ni 1.83 hivi, 1.83 mara kipeuo chake cha pili ni 2.5 hivi. Mota yetu ilikuwa ikidaiwa nguvu mara mbili na nusu. Si ajabu kwamba betri iliungua mikono.

Hapa yafaa tueleze maana ya skeli, kwa kuwa ndipo wengi tunapopotea. Tuchukue Bell 206, helikopta ndogo inayojulikana sana ulimwenguni. Pangaboi lake kuu lina kipenyo cha mita 10.16, na uzito wake wa juu wa kuruka, kwa aina ya 206B, ni kilo 1,450 hivi. Tukiiunda kwa skeli ya 1:10, kipenyo kitakuwa sentimita 101.6. Eneo la duara linalofagiwa na mapanga halipungui mara 10, bali mara 100: kutoka mita za mraba 81 hadi 0.81. Ujazo nao hupungua mara 1,000. Na kama vitu vilivyotumika vina msongamano ule ule, uzito pia utapungua mara 1,000, yaani utakuwa kilo 1.45. Basi kila mita ya mraba ya duara la helikopta ya kweli hubeba kilo 18 hivi, lakini ya mfano hubeba kilo 1.8 tu. Kwa hesabu hiyo, mfano mdogo una nafuu kubwa kuliko mama yake.

Kwa nini basi mfano wetu haukuruka? Jibu limo katika unene. Tuseme ngozi ya bati ya helikopta ya kweli ina unene wa milimita 1. Katika skeli ya 1:10 ngozi hiyo yapaswa kuwa na unene wa milimita 0.1. Fundi akiunda mfano kwa bati lile lile la milimita 1, eneo la ngozi litapungua mara 100, lakini unene hautapungua kabisa. Kwa hiyo uzito wa ngozi utapungua mara 100 badala ya mara 1,000. Bodi itakuwa nzito mara kumi kupita ipasavyo, hata kama kwa macho inafanana na ile ya kweli kwa kila kitu. Macho hayaoni unene, bali mizani huuona.

Kanuni hii si ngeni. Galileo Galilei aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638, na sisi wa Lindi tunao ushahidi wake ardhini mwetu. Mifupa ya Tendaguru, iliyochimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, ni ya wanyama ambao mmojawapo amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mnyama mkubwa namna ile hawezi kuwa mjusi aliyekuzwa tu. Uzito hukua upesi kuliko unene wa miguu, na ndiyo maana miguu yake ilisimama wima chini ya mwili kama nguzo, wala haikutandazwa kando kama ya mjusi. Ndugu Wilbur na Orville Wright wa Marekani nao walifunzwa na kanuni hiyo hiyo walipokuwa watoto. Mwaka 1878 baba yao aliwaletea helikopta ndogo ya kuchezea, iliyozungushwa kwa mpira. Walijaribu kuunda nyingine kubwa zaidi, wakastaajabu kuona kwamba kila walipoongeza ukubwa, chombo kiliruka vibaya zaidi. Miaka 25 baadaye, tarehe 17 Desemba 1903, wao ndio waliorusha ndege yenye injini. Faida ya kile kitu cha kuchezea haikuwa uzuri wake. Faida yake ilikuwa kwamba kiliruka, na kilipokataa kuruka kiliwalazimisha wafikiri.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: bodi ya helikopta ya mfano, iundwayo na wanafunzi wenyewe, yaweza kuwa somo bora la fizikia kuliko mtambo wenyewe. Mtambo hununuliwa ukiwa tayari, umekwisha kukokotolewa na wengine. Bodi haina budi kukokotolewa hapa, kwa vitu vya hapa. Katika kuiunda, mwanafunzi hulipia kila gramu na kila sentimita.

Sisi tuliianza upya. Kwanza tuliweka mpaka: bodi mpya isizidi gramu 150. Kisha tulichora helikopta katika pande tatu kwenye karatasi ya grafu, tukipima kila kipande kwa skeli. Tulikata mataruma ya plaiwudi nyembamba ya milimita 2, kwa jina lile lile walitumialo waunda mashua wa Kilwa na Lindi, tukayatoboa matundu makubwa katikati, maana sehemu kubwa ya uimara wa taruma imo ukingoni. Tuliyaunganisha kwa fito za mwanzi zilizochongwa hadi unene wa kijiti cha kiberiti. Pua tuliichongea kalibu ya mti wa msufi, ambao ni mwepesi na laini, tukaifunika kwa vipande vya magazeti vilivyopakwa uji wa muhogo. Ulipokauka tuliikata na kuivua kama ganda. Kila kipande kilipimwa kabla ya kugundishwa na uzito wake kuandikwa daftarini. Kipande kilichozidi kilirudishwa kikapigwa msasa.

Yako mambo matatu ambayo bodi ile ilitufundisha, nayo hayamo katika picha yo yote ya helikopta.

La kwanza ni momenti. Helikopta inapotulia hewani, kitovu cha uzito wake chapaswa kuwa chini ya mhimili wa pangaboi kuu. Mkia ni mrefu na pua ni fupi. Gramu 10 zilizoongezwa mkiani, sentimita 45 kutoka kwenye mhimili, zitasawazishwa tu na gramu 30 zilizowekwa puani, sentimita 15 kutoka hapo. Hivyo pambo dogo la mkiani hugharimu mara nne ya uzito wake. Tulisogeza betri mbele, tukauacha mkia mwembamba.

La pili ni mtetemo na joto. Bodi yetu ya kwanza iligusana na fremu kila mahali, ikatetemeka pamoja nayo hadi misumari ikalegea. Ya pili tuliishikiza mahali pane tu, juu ya vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, na tukaacha matundu mbele na nyuma ili hewa ipooze mota.

La tatu ni redio. Bati huzuia mawimbi. Waya wa kipokezi uliofungiwa ndani ya sanduku la bati hausikii vema amri za aongozaye, na chombo kisichosikia amri ni hatari kwa kila aliye karibu. Karatasi na mwanzi havina kizuizi hicho.

Bodi mpya ilipokamilika ilikuwa na gramu 140. Chombo kizima kilikuwa na gramu 890, na nguvu iliyotakiwa ilikuwa mara 1.3 tu ya ile ya mtambo mtupu. Kabla ya kuirusha tuliifunga imara juu ya jiwe zito, tukaweka vyote kwenye mizani ya kupimia korosho, kisha tukaongeza mwendo wa pangaboi kidogo kidogo tukiwa mbali. Usomaji wa mizani ulipopungua kupita gramu 890, tulijua, hata kabla ya kuruka, kwamba itaruka. Nadhani hapo ndipo wanafunzi wale walipoielewa kanuni ya tatu ya Newton kuliko siku zote nilizoiandika ubaoni.

Wapo watakaopinga. Wa kwanza atasema kwamba vitu hivi ni ghali na ni anasa kwa shule za vijijini. Mtambo ni ghali kweli, nami sidai kila shule iununue. Lakini sehemu kubwa ya somo nililolieleza haihitaji mtambo. Shule isiyo na fedha yaweza kuunda bodi kwa skeli, kuipima, kutafuta kitovu chake cha uzito kwa kuitundika kwa uzi, na kukokotoa nguvu ambayo ingetakiwa kuiinua. Yaweza pia kukata mapanga ya karatasi yaangukayo kwa kuzunguka, na kupima muda wa kuanguka kila uzito unapoongezwa. Mkasi, saa na rula vyatosha.

Wa pili atasema kwamba Mkoa wa Lindi una mahitaji makubwa kuliko helikopta za kuchezea. Ni kweli. Lakini na tukumbuke Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu iendayo Dar es Salaam huko Kilwa, na magari yakakwama siku kadhaa. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2018, katika majaribio yaliyofanyika Ziwa Viktoria, ndege ndogo isiyo na rubani ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, mwendo wa kilomita 60 hivi, kwa dakika 40 hivi. Vyombo vya namna hiyo vitatengenezwa na watu wanaojua kuhesabu gramu. Na hata kama hatutaunda ndege kamwe, ujuzi ule ule wa skeli, momenti na uzito ndio utakiwao kwa paa la darasa, pampu ya maji na mashua. Watu wa pwani husema: usione vyaelea, vimeundwa. Na virukavyo pia.

Wa tatu atasema kwamba umbo zuri nalo lina thamani yake. Sikatai. Vanishi nyembamba tuliyoipaka juu ya karatasi haikuwa pambo tu. Bila hiyo uji wa muhogo ungefyonza unyevu wa masika na bodi ingeongezeka uzito. Lakini umbo lifuate kazi. Tazameni Ingenuity, helikopta ndogo ya Marekani iliyoruka kwa mara ya kwanza katika sayari ya Mirihi tarehe 19 Aprili 2021. Hewa ya huko ina uzito wa asilimia moja hivi tu ya hewa yetu. Helikopta ile ilikuwa na uzito wa kilo 1.8, mapanga yenye upana wa mita 1.2, na kwa bodi ilikuwa na kisanduku kidogo tu. Hata hivyo iliruka mara 72 hadi Januari 2024. Hakuna jopo la maonyesho ya shule ambalo lingeipa zawadi kwa sura yake.

Kabla sijahitimisha sina budi kutoa onyo. Pangaboi la sentimita 68 likizunguka mara 2,400 kwa dakika, ncha zake hukimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Linaweza kupofua au kukata vidole. Mapanga yaondolewe kila mota inapokaguliwa. Watazamaji wakae mbali, nyuma ya wavu au ukuta. Betri zisichajiwe bila mtu kuziangalia, na iliyovimba isitumike tena. Kadhalika, vyombo virukavyo bila rubani ndani yake viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na mwalimu hana ruhusa ya kujiamulia mwenyewe kuvirusha hewani. Aulize kwanza, apate kibali. Kutii sheria ni sehemu ya ufundi.

Basi nashauri mambo mawili. Kwanza, waandaaji wa maonyesho ya sayansi waweke mizani juu ya meza ya majaji, na wadai daftari la vipimo kwa kila chombo cha mfano. Chombo kisicho na daftari kipewe sifa za sanaa, wala si alama za sayansi. Na chombo kilichoshindwa, lakini wenyewe wanaweza kueleza kwa tarakimu kwa nini kimeshindwa, kisiachwe bila zawadi. Pili, walimu wa fizikia na wale wa mkondo wa amali, ulioletwa na mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, washirikiane katika kazi moja ya kuunda, ili fundi na mkokotoaji wawe mtu mmoja.

Helikopta yetu ya pili tuliiinua ndani ya ghala tupu la korosho, msimu ukiwa umekwisha, ikiwa imefungwa kwa uzi na sisi tukiwa nyuma ya wavu wa samaki. Ilikuwa na rangi ya gazeti, na habari za michezo zilisomeka ubavuni. Iliinuka mita moja na nusu, ikatulia hapo dakika nne. Yule msichana alikuwa amerudi, kwani nilimfuata nikamwomba radhi mbele ya wenzake na kumkabidhi daftari la uzito. Wenzake waliposhangilia yeye hakushangilia. Alitazama saa, akaandika muda, akaniuliza betri imebakiwa na volti ngapi.